Umeuza kamshafti ya resi, mteja anasema ni mbovu? Muulize kwanza kama sailensi iliwekwa upya

Leo naongea na sisi tunaouza spea mtandaoni, hasa spea za pikipiki. Kama wewe unauza nguo au vyombo usiondoke, mwishoni kuna kitu chako pia.

Niwape kisa changu kwanza.

Mwaka jana nilileta kamshafti za resi sita, za pikipiki za injini ya CG, hizi za Kichina za 125 na 150 ambazo ziko kila kona. Nikapiga picha, nikaweka stetasi, nikaandika "Kamshafti ya resi, pikipiki inakimbia balaa, 45,000 tu." Jioni hiyohiyo kijana mmoja wa Dodoma akalipia. Mimi niko Morogoro, nikamtumia kwa basi, nauli ya mzigo 5,000 akalipa yeye. Jumla 50,000. Nikaona leo biashara imekubali.

Siku ya tatu ananitumia video. Pikipiki inawaka, inagugumia, mlio unapanda unashuka, akiachia mafuta tu inazima. Chini ameandika, "Kaka umenipiga. Hii kamshafti ni mbovu."

Mimi sikujua cha kumjibu. Nilikuwa nauza kitu nisichokielewa. Na huyo kijana pikipiki yake ni ya mkataba, hesabu 10,000 kila siku aende asiende. Siku mbili hajaingia barabarani, tayari deni la 20,000 linamsubiri kwa bosi wake. Nikaona nisibishane, nikamrudishia 50,000 yake yote na nauli ya kurudisha mzigo 5,000 nikalipa mimi.

Kamshafti iliporudi nikaipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima, jirani na stendi. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaifunga kwenye pikipiki yake mwenyewe. Kweli ikafanya vilevile, inagugumia na kuzima. Mzee akacheka, akachukua bisibisi, akahangaika na kabureta kama robo saa hivi. Ikatulia. Akaniambia, "Kijana, kitu chako kizima. Ila umemuuzia mtu nusu. Nusu nyingine ni kumwambia sailensi inawekwa upya."

Ile kamshafti nikaja kuiuza kama iliyotumika kwa 30,000. Piga hesabu: 15,000 imepotea kwenye bei, 10,000 imepotea kwenye nauli za kwenda na kurudi. Hasara 25,000 kwa mzigo mmoja, kwa sababu ya maneno ambayo sikuyaandika kwenye tangazo. Na hapo sijahesabu hela ya fundi wala wateja waliosoma malalamiko yake kwenye grupu wakaahirisha kununua.

Tangu siku hiyo nimejifunza hii kitu mpaka nikaielewa. Nawaelezea kama nilivyoelezwa mimi, taratibu.

SAILENSI NI NINI

Ni ule mngurumo wa injini ikiwa imewaka lakini hujavuta mafuta. Unasubiri abiria, umesimama kwenye mataa, injini inajiendesha yenyewe polepole. Mafundi wengi wanaita sailensi. Inapimwa kwa mizunguko ya injini kwa dakika. Pikipiki nyingi za aina ya CG zikiwa na kamshafti ya kiwandani hukaa karibu na mizunguko 1,400.

KWA NINI KAMSHAFTI YA RESI INAIVURUGA

Kamshafti ni chuma chenye nundu. Kikizunguka, nundu inasukuma na valvu zinafunguka. Valvu moja inaingiza hewa na mafuta, nyingine inatoa moshi. Kwenye CG kamshafti iko chini, inasukuma valvu za juu kwa vijiti virefu. Honda walianza kutoa CG125 mwaka 1976, na walitaka injini ngumu, rahisi kutengeneza, inayovumilia mtu asiyefanya sevisi mara kwa mara. Ndiyo maana mpaka leo watengenezaji wengi wa China wanaiga injini hiyo.

Kamshafti ya resi ina nundu kubwa zaidi au pana zaidi. Kubwa inafungua valvu kwa kimo zaidi. Pana inaiacha wazi muda mrefu zaidi. Injini ikiwa inazunguka kwa kasi kubwa, muda wa kuvuta hewa ni mfupi mno, kwa hiyo valvu kukaa wazi muda mrefu inasaidia hewa nyingi kuingia. Hewa nyingi na mafuta mengi, nguvu inaongezeka. Hapo ndipo pikipiki inapokimbia.

Sasa tatizo. Kuna kipande kifupi ambapo valvu ya kutoa moshi haijafunga na ya kuingiza imeshaanza kufunguka. Zote mbili ziko wazi kwa pamoja. Kwenye injini ya CG ya asili nundu ni moja tu, inahudumia valvu zote mbili. Kwa hiyo ukiipanua ili valvu zikae wazi muda mrefu, na hicho kipande cha kufunguka pamoja kinarefuka.

Kwenye kasi kubwa hilo halina shida. Lakini kwenye sailensi injini iko polepole, moshi unapata nafasi ya kurudi nyuma na kuchanganyika na hewa mpya. Mchanganyiko unachafuka, unawaka vibaya, mara unawaka mara hauwaki. Ndiyo ule mlio wa kugugumia.

La pili, injini ikiwa kwenye sailensi inanyonya kwa nguvu kupitia kabureta, na mnyonyo huo ndio unaovuta mafuta kwenye kile kijitundu kidogo cha sailensi. Kamshafti ya resi inapunguza mnyonyo. Kabureta ilikuwa imepangwa kwa mnyonyo wa zamani, sasa haitoi mafuta kwa kipimo sahihi. Injini inazima.

Umeona? Hakuna kilichovunjika. Mipangilio ya zamani na chuma kipya tu havielewani.

KABLA YA KUGUSA KABURETA

Hili ni la muhimu kuliko yote. Mafundi wenye haraka wanakimbilia skrubu, kumbe tatizo liko kwingine. Mteja akikulalamikia, muombe fundi wake aangalie haya manne kwanza.

Moja, alama za gia. Kwenye CG gia ya kamshafti ina alama na gia ya krenki ina alama, lazima zikutane. Ikikosewa hata jino moja, valvu zinafunguka wakati usio wake na hakuna skrubu itakayorekebisha.

Mbili, tapeti. Zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa, kwa fila geji. Honda CG125 ya kiwandani ni milimita 0.08. Kamshafti ya resi inaweza kuja na kipimo chake kwenye karatasi ya boksi, hicho ndicho kinafuatwa. Tapeti zikibana sana valvu haifungi vizuri, na sailensi haitatulia hata ufanyeje.

Tatu, hewa inayoingia kwa wizi. Kati ya kabureta na injini kuna kipande cha kuunganishia chenye mpira na gasketi. Kikipasuka au nati ikilegea, hewa inaingia bila kupimwa. Dalili zake zinafanana sana na za kamshafti mpya: mlio unapanda unashuka, ukiachia mafuta mlio unachelewa kushuka.

Nne, usafi. Kabureta chafu, plagi nyeusi tii, chujio la hewa limejaa vumbi. Safisha kwanza halafu ndio upange.

HATUA ZA KUWEKA SAILENSI UPYA

Hizi ni za pikipiki ya kabureta. Zifanyike nje, sehemu yenye hewa. Usiwashe injini ndani ya fremu ya duka umefunga mlango, moshi wa eksosi unaua na sumu yake haina harufu. Na injini hizi zinapozwa na upepo, kwa hiyo usiiache inanguruma muda mrefu imesimama. Weka feni mbele au izime ipumzike.

1. Pasha injini. Endesha kama dakika kumi. Choki iwe imefungwa kabisa. Ukipanga injini ikiwa baridi, ikipata moto kila kitu kinabadilika.

2. Zijue skrubu mbili. Kubwa inayosukuma slaidi ya kabureta ni skrubu ya sailensi, ukiikaza mlio unapanda. Ndogo ni ya mchanganyiko wa hewa na mafuta. Hapa watu wengi wanachanganya. Kama hiyo ndogo iko upande wa chujio la hewa, inapima hewa: kuikaza ni kuongeza uzito wa mafuta, kuifungua ni kuyapunguza. Kama iko upande wa injini, inapima mafuta: kuifungua ndiyo kuongeza. Mwambie fundi aangalie iko wapi kabla ya kuigusa.

3. Zima injini. Kaza ile ndogo polepole mpaka iguse mwisho, huku unahesabu mizunguko, uandike. Usiilazimishe, ncha yake inaharibika. Halafu ifungue mzunguko mmoja na nusu mpaka miwili. Hapo ndipo pa kuanzia.

4. Washa. Kaza skrubu ya sailensi mpaka injini isizime yenyewe, hata kama mlio uko juu kidogo.

5. Sasa zungusha ile ndogo robo mzunguko, subiri sekunde kadhaa, sikiliza. Robo nyingine, subiri. Unatafuta mahali ambapo mlio unapanda juu kabisa na unatulia. Ukipita hapo utasikia unaanza kushuka au kugugumia. Rudi pale pazuri.

6. Punguza skrubu ya sailensi mpaka mlio unaoutaka. Usilazimishe urudi pale pa zamani. Kwa kamshafti ya resi ya kawaida kwenye injini hizi, 1,600 mpaka 1,800 ni sehemu ya kuanza kutafuta. Chini zaidi inaweza kugugumia na kuzima.

7. Rudia namba 5 na 6 mara moja au mbili, maana ukigusa skrubu moja nyingine nayo inabadilika.

8. Jaribu. Vuta mafuta ghafla, achia. Mlio urudi chini mara moja. Ukichelewa kushuka, mafuta ni pungufu au kuna hewa ya wizi. Ukizama chini kabisa karibu kuzima halafu ndio upande, mafuta yamezidi. Zungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Mlio ukipanda, waya wa mafuta umebana, hiyo si shida ya kamshafti. Washa taa. Tia gia ya kwanza klachi ikiwa imeshikwa. Isizime.

Kama pikipiki haina mshale wa mizunguko, kuna vipimo vidogo vya kuzungushia waya wa plagi. Muuzaji, hapo umeshaona bidhaa ya kuuza pamoja na kamshafti? Mimi naviuza sasa.

SKRUBU IKIKATAA KUSIKIA

Kuna wakati unazungusha ile ndogo na injini haibadiliki kabisa. Watu wanakata tamaa hapo. Maana yake mara nyingi ni kwamba skrubu ya sailensi imekazwa mno, slaidi imepanda sana, na injini imeacha kutumia kile kijitundu cha sailensi. Inakula mafuta ya njia nyingine. Punguza sailensi, jaribu tena.

Ikiwa ukipunguza inazima, basi jeti ndogo ya kabureta haifai tena kwa kamshafti hiyo. Hapo unahitaji jeti ya namba nyingine. Skrubu yenyewe inakuonyesha uelekeo. Kwa skrubu ya upande wa chujio: kama inatulia tu ikiwa imekazwa karibu yote, jeti ndogo ni ndogo mno, panda namba moja. Kama inataka kufunguliwa zaidi ya mizunguko mitatu, jeti ni kubwa mno, shuka. Kwa skrubu ya upande wa injini ni kinyume chake. Jeti bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kamshafti kurudi kwa basi.

KUGUGUMIA KIDOGO NI KAWAIDA, KUZIMA SI KAWAIDA

Mwambie mteja ukweli. Hata ukipanga vizuri kiasi gani, sailensi ya kamshafti ya resi haiwi laini kama ya kiwandani. Inakuwa na mdundo. Wengine wanaununua huo mdundo wenyewe, ndio wanaoupenda. Lakini kuzima kila ukisimama, hapana. Hapo bado haijapangwa, au kuna lile la alama, tapeti na hewa ya wizi.

Na kupandisha sailensi juu sana ili isizime si dawa. Pikipiki inakula mafuta imesimama, injini inachemka, na ukitia gia ya kwanza inaruka mbele. Kwa skuta zinazojivuta zenyewe bila gia ni hatari zaidi: mlio ukipanda kupita kiasi klachi inashika na tairi la nyuma linaanza kuzunguka hujavuta chochote. Mtu anaweza kuwasha mbele ya duka ikamtoka mkononi ikamgonga mtoto. Ukiuza kamshafti ya skuta, hilo liandike kwa herufi kubwa.

NA WANAOUZA SPEA ZA MAGARI

Kanuni ni ileile, lakini kuna mambo mawili ya kuongeza.

La kwanza, gari la kisasa halina skrubu ya kucheza nayo hivi. Kompyuta ya gari ndiyo inaweka sailensi. Ikiona mnyonyo umepungua, gari nyingine zinadhani dereva amekanyaga mafuta, zinamwaga petroli zaidi. Kipimo kilichoko kwenye eksosi nacho kinaona hewa ambayo haikuungua, kinadhani mafuta ni pungufu, kinaagiza yaongezwe. Ndiyo unasikia harufu ya petroli na moshi mweusi. Dawa ni kompyuta kupangwa upya na mtu anayeijua hiyo kazi. Kwa Toyota za zamani kama zile za injini ya 4A-GE, ambayo sailensi yake ya kiwandani ni karibu 800, kuna skrubu ya hewa pale hewa inapoingilia, na kamshafti ya resi yenye nundu pana inaweza kuifanya ihitaji 1,000 au zaidi. Lakini gari lenye kanyagio la umeme, mteja asiguse skrubu yoyote ya kuzuia pale.

La pili ni breki. Magari mengi ya petroli breki zake zinasaidiwa na huo mnyonyo wa injini. Kamshafti kali ikipunguza mnyonyo, kanyagio la breki linaweza kuwa gumu gari likiwa kwenye sailensi. Mteja lazima ajue kabla hajalipa. Akishafunga, ajaribu breki polepole kwenye uwanja mtupu kabla ya kuingia barabarani.

SASA TURUDI KWENYE BIASHARA

Haya ndiyo ninayofanya siku hizi.

Kwanza, nauliza kabla ya kupokea hela. Pikipiki gani, inafanya kazi gani, nani atafunga. Kamshafti ya resi inaleta nguvu kwenye kasi kubwa, na mara nyingi inaiba kidogo nguvu ya chini. Mtu wa bodaboda anayebeba abiria wawili na kiroba cha mahindi kwenye mlima anahitaji ile nguvu ya chini. Huyo simuuzii kamshafti ya resi. Namuuzia ya kawaida na tapeti zipimwe, analipa kidogo na anarudi tena. Hata yule kijana wa Dodoma ningemuuliza swali hilo moja, nisingemuuzia.

Pili, kwenye tangazo naandika hivi, chukueni kama mlivyo:

"Kamshafti ya resi kwa injini ya CG. Inaongeza nguvu kwenye kasi kubwa. BAADA YA KUFUNGA LAZIMA SAILENSI NA TAPETI ZIWEKWE UPYA NA FUNDI, huenda ukahitaji kubadili jeti ndogo. Sailensi itakuwa na mdundo na itakaa juu kidogo kuliko mwanzo. Haifai kwa pikipiki ya kubeba mizigo mizito."

Mwanzo niliogopa kwamba maneno haya yatafukuza wateja. Yanafukuza kweli baadhi. Wanaofukuzwa ni walewale ambao wangerudisha mzigo.

Tatu, napima kabla ya kutuma. Nina kalipa ya kawaida. Napima kimo cha nundu mahali parefu, napima upana wa mduara wake mahali pafupi, natoa. Jibu ndilo kimo ambacho nundu inasukuma. Nalinganisha na kamshafti ya kawaida ya pikipiki ileile. Zikilingana, basi kimo si cha resi, na maandishi ya kwenye boksi hayatoshi kuniaminisha. Siiuzi kwa bei ya resi. Napiga picha ya kipimo na ya alama ya gia, namtumia mteja. Ikirudi, najua kama ni ileile niliyotuma.

Nne, ndani ya boksi naweka karatasi. Imeandikwa paka oili kwenye nundu kabla ya kufunga, badilisha na vile vyuma vinavyokaa juu ya nundu kama vimelika, linganisha alama, pima tapeti ya baridi, halafu hatua nane za sailensi. Nakala moja sijui hata kama inafika 100. Imenipunguzia simu za usiku sana.

Tano, mteja akilalamika sibishani na sirudishi hela papo hapo. Namuomba video mbili. Moja injini ikiwa ya moto kwenye sailensi, nyingine akivuta mafuta mpaka kasi ya juu. Kama juu inakwenda safi na chini inazima, karibu kila mara ni mipangilio. Naongea na fundi wake kwa simu. Kama hata juu inamisi, au kuna kelele ya chuma, au gia imelegea kwenye kamshafti, hapo naichukulia kama inaweza kuwa mbovu kweli, narudisha mzigo kwa gharama yangu bila maneno mengi.

Na wewe wa nguo na vyombo, niliyekuambia usiondoke: kila bidhaa ina sailensi yake. Jiko la gesi lina regyuleta inayotakiwa iendane na mtungi. Wigi lina namna ya kuoshwa. Viatu vya namba za China havilingani na vyetu. Kitu ambacho mteja lazima akifanye baada ya kufungua boksi ili bidhaa ifanye kazi, hicho kiandike kabla hajalipa. Usipokiandika, atakiita ubovu, na kwa upande wake ana haki.

Yule kijana wa Dodoma nilimpigia baada ya kujifunza haya yote. Nikamwambia, ndugu yangu, ile kamshafti ilikuwa nzima, ilitaka tu sailensi. Akanyamaza kidogo. Akasema alisharudisha ya zamani na deni la bosi alilimaliza kwa wiki mbili za kufanya kazi mpaka usiku. Halafu akaniambia, "Sasa kaka, si ungeniambia mapema."

Nimeshindwa kumjibu mpaka leo. Ndiyo maana nimewaandikia nyinyi. Nenda kafungue tangazo lako sasa hivi, angalia ni kitu gani hujamwambia mteja.